Mposaji Asiye na Kasoro

Viatu vilikuja kabla ya mtu. Kwii, kwii, kwii, vikipanda ngazi zetu za mbao, vipya bado, ngozi haijauzoea mguu. Na kila vilipofika kwenye kidato kilicholegea vilinyamaza kidogo, kama vinavuta pumzi, kisha vikaendelea. Mimi na dada yangu tulikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, tumekaa mkekani tumeshikana mikono kama watu wanaosubiri kung'olewa jino. Hatukuona kitu.

"Huyo mshenga," bibi alinong'ona kutoka kitandani. "Mtu mzima mzima, viatu vinamlilia kama vifaranga."

Dada akaniminya vidole. Nikajua kicheko kimeshaanza kumpanda, na hodi ilikuwa haijapigwa.

Kwetu, miaka ile, msichana hakuonana na mtu anayemposa. Aliyetumwa alikaa ukumbini na wanaume wa nyumba, akamsifu bwana mpaka akaishiwa na mate, na msichana akasikiliza kutoka ndani. Mwisho walii wake alimuuliza kupitia pazia: unasemaje? Walii wetu alikuwa ami, ndugu yake baba, kwa sababu baba alikwishatangulia mbele ya haki. Msichana akinyamaza, ameridhia. Ilichukuliwa kwamba haya zinamzuia kutamka ndiyo, kwa hivyo kimya chake kilihesabiwa kuwa ndiyo. Asiyetaka alitakiwa aseme, kwa sauti, mbele ya wanaume na kahawa yao. Sikuwa nimepata kusikia msichana aliyethubutu.

Mume, basi, alifika kwanza kama hadithi. Ndivyo nilivyoliona jambo hilo mwaka ule, maana mwaka ule nilikuwa nimelewa hadithi, na ulevi wangu nilikuwa nimemwambukiza dada.

Ulianzia darasani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mchele ulikuwa wa foleni na unga wa ngano ulikuwa wa bahati. Sisi vijana tuliojiita waandishi, ingawa tulichokuwa tumekiandika ni vijimchezo vya redio na mashairi ya kuliwaza mito yetu, tulikutana baada ya sala ya alasiri katika chumba cha kuazima hapo Mji Mkongwe, juu ya duka la fundi cherehani. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyerudi kutoka masomoni bara, mwembamba, shati limemzidi, na sauti imelizidi shati. Alikuwa na kipande kimoja tu cha chaki, na alikitunza kama kito. Kwa hivyo aliandika istilahi peke yake, herufi ndogo ndogo, na maelezo tuliyabeba kichwani mpaka nyumbani. Mhusika. Mandhari. Msuko. Mgogoro. Taharuki. Kilele. Msimulizi. Dhamira.

Sijui nieleze vipi furaha ile. Nilikuwa nimesikia hadithi tangu tumboni, nimezila kama samaki, na sasa mtu ananiweka mbele ya samaki huyo huyo ananionyesha: hapa kichwa, hapa mgongo, hapa mapezi, na hapa ndipo alipokuwa akivutia hewa. Samaki hakupungua utamu. Alizidi. Nilitoka pale magharibi inaadhiniwa nikiwa nataka kumshika kila mpita njia nimwambie: unajua kwamba wewe ni mhusika? Unajua kwamba kichochoro hiki ni mandhari?

"Kuna wahusika wa aina mbili," mwalimu alitwambia siku moja. Nadhani alikuwa na njaa. "Mhusika bapa ni chapati. Mgeuze upande huu, mgeuze upande ule, ni yule yule. Mhusika duara ni andazi. Limevimba, na hujui ndani mna nini mpaka ulimege."

"Na mgogoro, mwalimu?" mwenzetu mmoja akauliza.

"Mgogoro ni pale mtu anapotaka kitu, na kuna kinachomzuia asikipate. Pasipo na hilo hakuna hadithi. Kuna salamu tu."

Nilimpelekea dada yote hayo moto moto, na yeye, ambaye ni mkubwa wangu na alipaswa kunikanya, akayapokea kwa mikono miwili. Alikuwa chuoni anasomea ualimu, amebakiza mwaka mmoja, na ndoto yake ilikuwa kupelekwa vijiji vya shamba, Makunduchi ikiwezekana, apewe darasa lake mwenyewe. Tukawa wendawazimu pamoja. Jirani yetu wa chini, ambaye kila asubuhi alisema "Jua leo!" hata mvua inanyesha, tukamwita chapati. Bibi tulimwita andazi, maana angeweza kukulaani kabla ya chai na kukuombea dua kabla chai haijapoa. Tulipopanga foleni ya mchele, dada aliinama sikioni mwangu akasema, "Taharuki ni kuliona gunia linapungua na wewe bado uko nyuma," na tulicheka mpaka mama mmoja mbele yetu akageuka akatuuliza kama tumeshiba kitu ambacho wenzetu hawajakipata.

Katikati ya wazimu huo ndipo ilipokuja posa.

Hakuna aliyesema kwamba dada akiolewa ataacha chuo. Hakukuwa na haja ya kusema. Wenzake waliokwisha kuolewa walikuwa wamekwenda fungate na hawakurudi darasani. Viti vyao vilisogezwa nyuma, basi. Na upande wa bwana walikuwa wameshatuma neno kwamba wangependa harusi iwe kabla ya Ramadhani. Dada hakumkataa mtu, kwa sababu hakumjua wa kumkataa. Alikuwa akiniambia, "Mimi nataka mwaka wangu tu. Mwaka mmoja. Na nijue ni nani." Alikusudia, akiulizwa, ajikaze aseme: nangojea kwanza nimalize masomo. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno hilo mbele ya kioo, na mimi nikijifanya ami.

Kwa hivyo, viatu. Hodi. Karibu. Salamu zikaenda na kurudi, za wazima, za wagonjwa, za Unguja na za Pemba, maana ami alikuwa amekuja kutoka Pemba kwa shughuli hiyo, na alikuwa mtu wa haraka, aliyependa kila jambo limalizike kabla meli haijaondoka. Mama akapitisha kahawa na haluwa. Kisha mshenga akakohoa, na hadithi ikaanza.

"Kijana huyu, wazee wangu, wallahi sina kasoro ya kumtoa."

"Eee," ami akaitikia.

"Havuti. Hanywi. Karata haijui. Sala tano, jamaa. Mama yake akikohoa tu, yeye ameshasimama na maji."

"Mashaallah."

"Kazini kwake, ghalani kwenye karafuu, wakubwa wanamtolea mfano. Hajapata kumkasirikia mtu. Hata paka."

Nikamwinamia dada. "Chapati," nikanong'ona.

Dada akajitia ncha ya kanga mdomoni.

"Mwendo wake wa taratibu. Sauti yake ya taratibu. Akila, anakula taratibu."

"Mandhari yake wapi?" dada akanong'ona naye, kanga ikiwa bado mdomoni. "Hana kwao huyu? Anaishi hewani?"

"Na mgogoro je?"

"Hana. Hii si hadithi, mdogo wangu. Hili ni tangazo la sabuni."

"Shsh!" bibi akatutolea macho. "Nyinyi mmeingiwa na nini? Mtu anaposwa hapa!"

Nadhani mshenga aliona mwenyewe kwamba hadithi yake imelala. Msimulizi yeyote huliona hilo; ami, tulimsikia, alipiga mwayo mrefu akaumalizia kwa astaghfirullahi. Mshenga akashusha sauti. Tukasikia kiti kikisukumwa na vile viatu vikilia, kwii, na tukajua amesimama ili aonyeshe kwa vitendo.

"Sasa nikupeni moja. Shamba, siku moja. Mbuzi wa mjane katumbukia kisimani. Kisima kirefu! Mbuzi analia, mjane analia, watu wamejaa pale, hakuna anayethubutu kushuka. Anakuja kijana wetu, katoka msikitini, kavaa kanzu yake nyeupe. Hasemi neno. Anajifunga kamba." Kwii. "Anashuka." Kwii. "Kimya! Mjane kashika kichwa. Mara anatokeza, mbuzi begani! Mjane anamwambia, mwanangu, mchukue huyu mbuzi awe wako. Anasema la, bi mkubwa, mimi nimefanya kwa ajili ya Mungu. Na ile kanzu, wazee wangu..." hapo akanyamaza, na hata mimi, nakiri, niliinua shingo. "Ile kanzu haina hata doa!"

"Kilele," nikanong'ona.

"Mwanangu," ami akaita hapo hapo, kwa sauti ya mtu anayewaza meli, "umesikia yote. Unasemaje?"

Nilimwona dada akivuta pumzi aseme neno lake la kioo. Alifungua mdomo. Kanga ikaanguka. Na kilichotoka ni kicheko. Si cha haya, si cha chini chini; ni kile cha foleni ya mchele, kizima, cha tumbo, kilichopita kwenye pazia kama pazia halipo kikaenda kuwakuta wanaume wamekaa.

Ukumbini vikombe vikatuliwa.

"Alhamdulillahi!" ami akasema. "Kacheka!"

"Kacheka!" mshenga akapokea. "Wallahi kacheka mwenyewe!"

"Kimya chake kingenitosha. Hiki ni zaidi ya kimya. Haya, tusome fatiha tuifunge posa."

Na sauti za wanaume zikaungana, nzuri, nzito, na sisi ndani tukatazamana. Kicheko kilikuwa bado hakijamtoka dada usoni. Kilibaki pale kama taa iliyosahauliwa mchana. Yalikuwa ni macho yake tu yaliyokwisha kuelewa.

Mama aliingia na sinia la vikombe vitupu, analia kwa furaha. "Mwanangu umenipa raha. Na mie nilivyokuwa nikiogopa utakataa!"

"Mama, mimi sikuridhia. Nimecheka."

"Ndiyo, umecheka. Sote tumekusikia."

"Nimeicheka kanzu!"

"Kanzu ya nani?"

Dada akajifunika uso kwa kanga. Bibi, kitandani, akatikisa kichwa polepole. "Ndivyo mambo yanavyokwenda," akasema. "Mimi nilipoulizwa nilinyamaza, na haya wala sikuwa nazo. Nilikuwa na andazi mdomoni. Nilipolimeza nilikwisha kuolewa." Akafikiri kidogo. "Babu yenu alikuwa mtu mwema lakini. Sikulijutia andazi."

Nilicheka, dada alicheka, hata mama alicheka bila kujua anacheka nini, na katika kucheka huko dada akaanza kulia, na hapo ndipo mama alipoliweka sinia chini.

Jioni ile dada alimwendea ami akiwa anatawadha. Nilisimama nyuma yake, nimeshika taulo la ami ili niwe na sababu ya kuwapo.

"Ami, kile kicheko hakikuwa cha kuridhia."

"Kilikuwa cha nini?"

Akasita. "Cha... hadithi ya mbuzi."

Ami akafunga maji. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwanangu, hebu fikiri. Niende kwa watu niwaambie nini? Kwamba mwana wa marehemu ndugu yangu alikuwa akimcheka mshenga? Mzee wa watu kavaa viatu vipya kaja kwetu, tunamnywesha kahawa mbele, na nyuma ya pazia tunamcheka? Kicheko hakirudishwi mdomoni. Kicheko chako ama kilikuwa ndiyo, ama kilikuwa matusi. Chagua."

Hakukuwa na la kuchagua. Dada akalichukua taulo mikononi mwangu, akampa ami, akaondoka.

Kesho yake nilikwenda darasani nikiwa sioni ubao. Wenzangu walikuwa wanabishana kama dhamira iko ndani ya hadithi au iko ndani ya msomaji, ubishi ambao siku nyingine ungenirusha kitini. Walipotulia nikanyanyua mkono. "Mwalimu. Ikiwa hadithi nzima tunaipata kwa msimulizi mmoja, na msimulizi huyo ametumwa na mhusika mkuu?"

"Ana maslahi, basi."

"Anayo. Tena ameshapewa haluwa."

Wakacheka. Mwalimu hakucheka, alikitazama kipande chake cha chaki, kilichokwisha kuwa kama punje ya mahindi, na akaamua swali langu lina thamani yake. Akaandika ubaoni: *mimi*. "Badilisha nafsi," akasema. "Msimulizi akisema 'yeye, yeye, yeye' na kila 'yeye' ni sifa, mnyang'anye hadithi. Mpe mhusika mwenyewe aseme 'mimi'. Hadithi ile ile. Halafu utazame kipi kimebaki na kipi kimeanguka."

Sikungoja wamalize. Nilishuka ngazi za fundi cherehani mbili mbili, nikakimbia vichochoro na buibui langu limejaa upepo, nikapishana na baiskeli, nikamruka paka, nikamkosa kidogo muuza kahawa na vikombe vyake. Na kifuani mwangu neno moja lilikuwa linagonga kama ngoma ndogo: mimi, mimi, mimi. Mtu hukimbia hivyo mara chache maishani. Wengine hukimbia kwa ajili ya mapenzi. Mimi nilikimbia kwa ajili ya nafsi ya kwanza.

"Anaitwa nani huyo nafsi ya kwanza?" bibi aliuliza nilipokwisha kuyamwaga yote pale kitandani kwake, nahema.

"Si mtu, bibi. Ni kwamba dada amsikie yeye mwenyewe. Yule bwana. Aisimulie habari ya mbuzi kwa kinywa chake."

Dada alikuwa anasuka ukili wa mkeka pembeni. Mikono ikasimama, chane zikiwa zimepishana vidoleni.

"Sheria imeruhusu mposaji na mposwa watazamane," bibi akasema hatimaye, kwa utaratibu, kama anayehesabu njugu. "Ami yenu anaijua. Anajifanya haijui kwa sababu ya meli. Niitieni."

Ami akaja. Bibi akajiinua kwenye mto. "Mwanangu, huyu mtoto hataki hata kumtazama mtu. Anataka kumsikia tu, nyuma ya pazia, na sisi sote tupo. Mungu kampa zaidi ya hapo. Wewe utampa pungufu?"

Mtu hawezi kubishana na mama yake na Mungu siku moja. Ami aliuliza kama ni lazima, akaambiwa ni lazima, akasema basi iwe kabla ya Jumamosi.

Wakaja wawili, mshenga na bwana mwenyewe. Pazia letu lilikuwa na mshono uliofumuka, na mimi, kwa faida ya fasihi, nikaweka jicho pale. Nilimwona kijana wa kawaida, si mrefu, masikio yamemtoka kidogo, kanzu imepigwa pasi mpaka imekuwa kama ubao. Mama alipompa kikombe, kahawa ikammwagikia kifuani, doa kubwa kama sahani.

"Ana doa," nikamwambia dada. Akaniuma bega.

"Haya," ami akasema. "Mwanangu, mgeni wako huyo. Uliza."

Dada akasimama wima nyuma ya pazia, kama anayesimama mbele ya darasa. "Assalamu alaykum."

"Waalaykumu salaam," yule bwana akajibu, akilijibu pazia kwa heshima.

"Tumesimuliwa habari ya mbuzi. Tungependa kuisikia kwako."

"Habari gani ya mbuzi?"

Mshenga akakohoa. "Ile ya kisimani, yakhe. Kule kwenu Jambiani."

"Ah." Nikamwona anamtazama mshenga, kisha sakafu, kisha doa lake. "Mbuzi hakuingia kisimani."

"Hakuingia?" ami akasema.

"Hakuingia. Niliyeingia ni mimi."

Ami akasogeza kiti chake mbele.

"Mbuzi alikuwa amenyakua kofia yangu," akaendelea, na sasa maneno yalikuwa yanamtoka haraka, kama mtu aliyetua mzigo. "Nilikuwa namfukuza. Sikuona kisima, nilikuwa naitazama kofia. Nikatumbukia. Maji yalikuwa ya magotini, lakini kutoka siwezi. Nikitazama juu namwona mbuzi, ananitazama, kofia inaning'inia mdomoni."

Bibi ndiye aliyeanza. Alicheka kimya kimya kwanza, kitanda kikitikisika, halafu kwa sauti. "Nani alikutoa, mwanangu?" akapiga kelele kupitia pazia, taratibu zote amezisahau.

"Mjane, bi mkubwa. Alileta kamba. Na matusi."

"Matusi gani?"

"Nna haya kuyasema mbele ya watu."

"Ukakasirika?" dada akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika; ilikuwa inataka kujua kweli.

"Wiki nzima. Mbuzi yule simpendi mpaka leo."

"Wewe mtu!" ami akamgeukia mshenga. "Umemtoa bwana kisimani ukamtia mbuzi!"

"Niliinyoosha kidogo," mshenga akasema. "Kidogo tu. Kijana mwema, lakini utamwendea nani na habari ya namna hiyo?"

Pale nyuma ya pazia mimi nilikuwa nimeshikilia kichwa changu kwa mikono miwili kwa furaha. Andazi! Lilikuwa limevimba mbele ya macho yangu. Lakini nilipomgeukia dada hakuwa anacheka tena.

"Nna swali jingine," akasema. "Nimebakiza mwaka mmoja chuoni. Baada ya hapo nataka kufundisha shamba. Wewe unataka nini?"

Bwana akakiweka kikombe chini. "Mama yangu anataka mke wangu akae naye Jambiani."

"Nimekuuliza wewe."

"Sijui," akasema. Alilisema wazi, bila kulipamba. "Nilikuwa najua kabla sijaja. Hakuna aliyepata kuniuliza." Akafuta uso. "Niliambiwa umecheka. Nilifurahi, wallahi nilifurahi sana. Nikawa najiuliza umecheka nini."

"Nilicheka kanzu isiyokuwa na doa," dada akasema. "Mzee wangu mshenga, unisamehe. Sikukucheka wewe. Kanzu ilinishinda."

Nikaliweka tena jicho kwenye mshono. Hapa ndipo ami alipokuwa akiogopa tufike, kwenye matusi, na nilimwona amekaza taya. Mshenga alikuwa ameinama. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Mwanangu," akasema, anajifuta macho, "hata mimi lilipokuwa linanitoka lile neno niliona limezidi. Kisima, kamba, mbuzi begani, na doa hakuna! Nikasema moyoni, ee Mola, waamini."

Ami akavuta pumzi ndefu. Nilidhani atataja meli. Hakuitaja. "Sasa mwanangu," akasema, akilielekea pazia, "nakuuliza mara ya pili, na mara hii sitaki kimya, wala kicheko. Nataka maneno. Umeridhia?"

Mama, aliyekuwa amerudi chumbani, aliziba mdomo kwa mkono. Bibi akaacha kucheka. Mimi niliuona mkono wa dada ukilishika pazia, si kulifungua, kulishika tu, kama mtu anayeshika ukingo wa meza akiwa anasimama. Mwaka wake ulikuwa pale, katika ncha ya ulimi wake, na wanaume wote walikuwa wanamsikiliza, na kahawa yao ilikuwa mkononi.

"Siridhii," akasema.

Neno halikutetemeka. Lilikwenda likakaa ukumbini kama mgeni mwingine.

"Simkatai mtu milele. Leo jibu langu ni hapana. Nitamaliza chuo. Nikishapewa shule, akitaka, aje aniulize yeye mwenyewe, bila ya mtu wa kumsemea. Na awe ameshazungumza na mama yake, na awe anajua anachokitaka."

"Na fatiha?" ami akauliza, lakini kwa upole, kama anayeuliza kitu kiwekwe wapi. "Fatiha imeshasomwa."

"Fatiha haichachi," bibi akajibu kutoka kitandani. "Iacheni ikae."

Yule bwana alisimama. Nilimtazamia usoni aibu, au hasira, nikaziona zote mbili, na nyuma ya hizo kitu cha tatu ambacho darasani bado tulikuwa hatujakipa jina. "Nimesikia," akaliambia pazia. "Nilikuwa sijapata kujibiwa na mtu kwa maneno. Nashukuru."

Akampa ami mkono, akatoka. Mshenga alibaki, kwa kuwa haluwa ilikuwa haijesha, na mama alitoka akammiminia kahawa nyingine. Dada hakusogea pale alipo. Alisikiliza hatua zikishuka kidato kwa kidato, mtu mmoja, bila haraka; alisikiliza "Jua leo!" ya jirani na jibu lake, alisikiliza komeo la chini likiondolewa, na kelele za kichochoro, kengele za baiskeli na watoto waliotoka chuo cha Kurani, zikiingia mpaka juu kwetu. Kisha mlango ukafungwa nyuma ya yule bwana.